Gari limefungwa turbo mbili, sasa linasumbua: tafuta ugonjwa kabla ya kununua turbo nyingine

Kijana mmoja alifika gereji kwetu Ndeeba, Kampala, akivutwa kwa kamba, Fairlady yake nyuma ya pikapu ya rafiki. Kwenye kiti cha abiria alikuwa na maboksi mawili: turbo mpya, ya kushoto na ya kulia. Kwingine alikuwa ameambiwa zile za kwanza zimekufa, kwa sababu gari lilikuwa likitoa moshi wa buluu. Tulipomaliza kazi saa kumi jioni, turbo mpya zilikuwa bado kwenye maboksi yake. Tulibadilisha bomba moja tu la kurudishia oili, lenye urefu wa shubiri mbili, ambalo lilipondwa na tuta la barabarani.

Nimeona mambo ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa sigusi turbo mpaka nimemaliza kukagua vyote vinavyoizunguka. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani yake, ni kipande kigumu. Mara nyingi huuawa na kitu kingine: bomba, petroli, oili chafu, au kompyuta iliyopewa hesabu zisizo zake. Ukifunga mpya juu ya ugonjwa uleule, mpya nayo itakufa.

Maelezo haya nayaandika nikifikiria gari moja, Nissan Fairlady Z33, ile inayouzwa nje ya Japani kwa jina la 350Z, yenye injini ya VQ35DE: silinda sita za V, lita 3.5, bila turbo kutoka kiwandani. Yanayohusu hewa, oili na petroli yatakufaa hata kama gari lako ni lingine.

Kwanza ujue umefungiwa mfumo gani

Sisi mafundi wengi wa Kampala tulijifunzia turbo kwenye Subaru na Lancer Evolution, na turbo mbili tukazijulia kwenye Subaru Legacy. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwenye Legacy ile, na kwenye Toyota Supra ya JZA80, turbo hupokezana: moja huanza kazi chini, ya pili huingia baadaye. Legacy hata ina shimo lake maarufu, presha ikishuka kidogo karibu na mizunguko 4,000 hadi 4,500 ya injini kwa dakika wakati turbo ya pili inaingia. Hilo si ugonjwa, ndivyo lilivyo.

Z33 iliyofungiwa turbo mbili haifanyi hivyo. Kila upande wa injini una turbo yake, na zote mbili hufanya kazi kwa pamoja toka mwanzo. Kwa hiyo presha ikishuka katikati, usikubali mtu akuambie "turbo ya pili inaingia". Hakuna ya pili ya kuingia. Kuna kitu kinavuja, au upande mmoja haufanyi kazi.

Hesabu za Kampala si hesabu za Mombasa

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huku ni karibu kPa 88 (bari 0.88), wakati pwani ni 101 (bari 1.01). Jambo hili linasumbua magari mengi kuliko watu wanavyodhani, hasa yaliyopangiwa kompyuta pwani au ng'ambo kisha yakapandishwa huku.

Tuseme gari lilipangwa Mombasa kwa presha ya turbo ya bari 0.5. Kule injini ilikuwa inapata bari 1.51 kwa jumla. Huku, geji ikionyesha 0.5 ileile, injini inapata 1.38 tu. Mwenye gari anahisi limelegea, anaomba presha iongezwe. Ili kuirudisha 1.51, turbo italazimika kusukuma bari 0.63, yaani kuikandamiza hewa mara 1.72 badala ya mara 1.49. Itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itatoka ikiwa na moto zaidi. Kwa turbo ndogo zilizochaguliwa ili ziamke mapema, huo ni mzigo wa kweli. Ukipanda hadi Kabale, mita 2,000 hivi, mzigo unaongezeka tena.

Kuna kipimo cha bure ambacho huwa naanza nacho. Washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya hewa kwenye skana. Kampala lazima isome karibu na 88. Ikisoma 101, sensa ni mbovu au kompyuta imeandikiwa sensa ya aina nyingine, na kila kitu utakachosoma baada ya hapo ni uongo. Maliza hilo kwanza.

Vilevile usiingie kazi hii bila geji tatu: ya presha ya turbo, ya presha ya petroli, na ya mchanganyiko wa hewa na petroli yenye sensa pana ya oksijeni. Ile sensa ya kawaida ya kiwandani haiwezi kukuambia ukweli injini ikiwa chini ya presha. Usijaribie barabarani pia. Barabara ya kulipia ya Entebbe ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na Z33 ikiwa gia ya tatu hupita hapo kabla injini haijafika mizunguko 5,000. Nenda kwenye mashine ya kupimia nguvu, au subiri siku ya uwanja wa mbio wa Busiika.

Presha haifiki, au inafika ikiwa imechelewa

Anza na uvujaji. Usianze na turbo, wala usianze kukaza westigeti, ule mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi.

Tengeneza kifaa chako mwenyewe: kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mdomo wa hewa wa turbo, ukitoboe, ufunge valvu ya tairi. Ziba mdomo wa turbo ya pili kwa kifuniko kingine. Kisha pampu ya kujazia matairi, polepole, usipite presha ambayo gari linatumia, na usisimame mbele ya kifuniko. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Nenda kwenye viungo vya hosi za silikoni chini ya bampa kwanza, kwa sababu hapo ndipo mitikisiko ya barabara zetu inapolegeza klipu. Angalia pia pale bomba mbili zinapokutana kabla ya kuingia kwenye injini, gasketi za manifodi (mabomba yaliyofungwa kwenye injini kupitishia hewa au moshi), na vali ya kupumulia, ile inayoachia presha ya turbo ukiachia mafuta. Kuna klipu za skrubu za bei rahisi ambazo huteleza bomba likipata oili kidogo ndani. Nunua zile pana zenye boliti na nati. Kwenye soko la vipuri la Kisekka utazipata ukiwa na subira ya kuuliza.

Hewa haivuji lakini presha bado ni ndogo? Nenda upande wa moshi. Moshi ukivuja kabla ya kufika kwenye turbo, nguvu ya kuizungusha inapotea njiani. Asubuhi, injini ikiwa baridi, utasikia tik-tik-tik inayopungua chuma kikipata moto na kutanuka. Tafuta masizi meusi kwenye kiungo cha manifodi. Uvujaji huu una madhara mengine: huingiza hewa kidogo kwenye ekzosi na kuidanganya sensa ya oksijeni, nayo kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika.

Ili kujua kama upande mmoja unalala, chukua kipimajoto cha kulenga, ulinganishe manifodi ya kushoto na ya kulia injini ikiwa inanguruma palepale. Zikitofautiana sana, upande wenye baridi una silinda isiyowaka. Zikilingana, chukua pampu ya mkono, usukume hewa kwenye kila westigeti. Zote mbili zianze kufunguka kwa presha ileile. Nimeona gari ambalo moja ilifunguka bari 0.3 na nyingine 0.5, aliyefunga alirefusha fimbo ya upande mmoja akasahau wa pili. Hapo turbo moja hubeba kazi ya mbili, na huchakaa mapema peke yake.

Presha inapita kiwango

Hapa uangalie namna inavyopita. Ikiruka ghafla mara tu unapokanyaga, shuku hosi ndogo inayopeleka presha kwenye westigeti. Ikichomoka au ikipasuka, mlango haupati habari kwamba presha imetosha, nao unabaki umefungwa. Hosi hizi hukaa karibu na joto kali. Weka za silikoni, uzifunge kwa klipu ndogo, uzipitishe mbali na ekzosi.

Ikipanda polepole, mizunguko ikiongezeka, hiyo ni habari nyingine. Mlango umefunguka wote lakini ni mdogo kwa moshi unaotoka. Hutokea sana mtu akishaondoa katalisti na kuweka ekzosi pana. Kulegeza springi hakutasaidia kitu. Kinachotakiwa ni kupanua tundu la mlango au kuweka westigeti kubwa zaidi ya nje.

Kwa vyovyote, acha kukanyaga mpaka ujue. VQ35DE ya kwanza ina mgandamizo wa 10.3 kwa 1, ambao ni mkubwa kwa injini ya turbo, na mafundi wengi wanaoijua huiona nguvu ya farasi 400 kwenye magurudumu kuwa ndio mpaka wa rodi za kiwandani. Presha ikiruka bari 0.2 kwa sekunde mbili tu, umeshapita.

Moshi wa buluu

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Swali ni oili hiyo imepitia wapi, na jibu la kwanza unalipata kwa kuangalia moshi unatoka lini. Ukitoka baada ya kukaa kwenye foleni muda mrefu, kisha unaondoka na wingu linabaki nyuma, shuku oili inayorudi vibaya kutoka kwenye turbo. Ukitoka wakati umekanyaga na presha imejaa, shuku ringi za pistoni au presha ndani ya injini. Ukitoka unapoachia mafuta ukishuka mlima, shuku zaidi sili za valvu.

Watu wengi wanadhani ndani ya turbo kuna sili ya mpira ambayo "imekatika". Haipo. Kuna ringi ndogo za chuma zinazofanya kazi kwa msaada wa tofauti ya presha, na oili inategemewa kuingia, kulainisha, na kuanguka chini kwa uzito wake yenyewe. Haisukumwi na kitu ikitoka. Njia ya kutokea ikiwa nyembamba, imepinda, au imeziba, oili inajaa kwenye nyumba ya turbo na kupita kwenye ringi hata kama turbo ni ya jana.

Kwa hiyo lala chini ya gari. Bomba la kurudishia liwe na upana wa ndani usiopungua milimita 13. Literemke mwanzo mpaka mwisho. Popote linapopanda hata kidogo, oili inasimama. Liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili, si chini yake. Fungua kiungo chake uangalie kama silikoni ya gasketi haijaingia ndani na kubana njia. Na kwa barabara zetu, ulitazame kwa macho ya mtu anayevuka matuta kila siku: turbo za Z33 hukaa chini, pembeni mwa injini, na mabomba yao ndiyo ya kwanza kugusa. La yule kijana lilikuwa limebaki na uwazi wa kalamu. Tulitengeneza jipya la chuma cha pua, tukalipitisha juu zaidi, tukafunga bati la kulinda.

"Mzee, kwa hiyo hizi za kwenye boksi nizirudishe?" aliniuliza.

"Rudisha leo, kabla dukani hawajasema umezifungua."

Njia ya kurudi ikiwa safi, angalia ya kuingia. Turbo za beringi za gololi zinahitaji oili kidogo; huwekewa kizuizi chenye tundu la milimita 1 hivi, ili presha ya oili kwenye turbo isizidi sana bari 3 injini ikiwa juu. Kisipokuwepo, oili inajaa kuliko inavyoweza kutoka. Turbo za beringi za kawaida kwa desturi hazihitaji kizuizi hicho, na ukiziwekea unazinyima chakula. Ujue zako ni zipi kabla hujafanya lolote.

Sasa presha ya ndani ya injini. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya pistoni, na ya turbo hupitisha zaidi. Gesi hiyo isipopata pa kutokea, inaizuia oili ya turbo isishuke kwenye sampu, na mambo yanakuwa yaleyale kama bomba lililopondwa. Vali ndogo ya kupumulia injini (PCV, si ile ya kuachia presha ya turbo), ikiwa ni ya zamani na haizibi vizuri, huruhusu presha ya turbo iingie ndani ya injini. Dalili yake ni kijiti cha kupimia oili kinachojisukuma nje. Kama umeweka kopo la kunasa oili, fungua hosi zake uone kama hazijaziba.

Kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya nchi zenye lami kila mahali havikitilii mkazo: vumbi jekundu. Chujio cha hewa kikijaa, turbo inavuta kwa nguvu mahali ambapo hewa haipiti, na uvutaji ule unanyonya oili kupitia upande wa hewa. Utaikuta kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo. Kabla ya kushusha turbo yoyote, safisha au badilisha chujio, ujaribu tena.

Baada ya hayo yote ndipo upime injini yenyewe. Kitabu cha Nissan kinataja mgandamizo wa psi 185, na kiwango cha chini 142, silinda zisitofautiane kwa zaidi ya 14. Usishtuke Kampala ukiona 160 kwenye silinda zote. Hewa ya huku ni nyepesi na geji inasema kweli. Kinachoogopesha ni tano kuwa 160 na moja 120. Hapo, pima uvujaji wa kila silinda kwa hewa ya kompresa, usikilize inatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye mdomo wa hewa, au kwenye kifuniko cha oili. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi au pistoni.

Moshi mweusi, na gari linalozimika unapokanyaga klachi

Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Kwenye Z33 hii kuna sensa moja inayopima hewa yote, na kompyuta inaiamini bila kuhoji. Ikiwa sensa imewekwa kabla ya turbo, hewa yoyote inayovuja baada yake imeshahesabiwa, na petroli yake imeshamwagwa. Ndiyo maana ninasema kipimo cha uvujaji kije kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, vali ya kupumulia inayotoa hewa nje kwa ule mlio wa "pshaa" ambao vijana wanaupenda huleta taabu. Hewa iliyohesabiwa inatupwa, injini inazama kwenye petroli, na ukikanyaga klachi ukikaribia taa za barabarani inazimika. Irudishe hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia, nyuma ya sensa, na gari litatulia.

Sensa nayo yenyewe yaweza kuwa ya bandia, na siku hizi za bandia zimechapwa vizuri sana. Injini ikiwa na moto na inanguruma palepale, ya kweli husoma gramu 2 hadi 6 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 2,500, kati ya 7 na 20. Ukipata tofauti kubwa na hakuna uvujaji, azima sensa ya gari zima la rafiki ulinganishe.

Injini inakata-kata presha ikiingia

Chini linakwenda vizuri, ukikanyaga linaanza kukohoa. Kwanza plagi. Hewa iliyobanwa ni ngumu kwa cheche kuivuka, na nafasi ya milimita 1.1 iliyotoka kiwandani ni pana mno. Punguza hadi 0.7. Tumia plagi baridi zaidi kwa hatua moja. Kwa NGK, namba kubwa ndiyo baridi, tofauti na wengine wanaohesabu kinyume.

Likiendelea, soma kodi za hitilafu kwenye skana. P0301 hadi P0306 hukutajia silinda. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Kodi ikihama na koili, umempata mkosaji.

Injini inagonga

Hii ndiyo dalili pekee inayonifanya nizime gari palepale. Kugonga ni petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda isivyotakiwa; sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo, chini ya presha. Mara nyingi husikii kabisa kwa sababu ya ekzosi, kwa hiyo chomoa plagi uzitazame kwa lenzi: vidoa vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe, au nukta zinazong'aa za aluminiamu. Hizo nukta ni pistoni yako.

Sababu kubwa ni petroli kupungua mahali inapohitajika zaidi. Z33 ina mfumo wa petroli usio na bomba la kurudi kwenye tangi. Presha yake ni bari 3.5 na haipandi pamoja na turbo. Fikiria injekta: nyuma yake kuna 3.5 inayosukuma, mbele yake turbo imeleta 0.6 inayopinga. Kinachobaki ni 2.9. Petroli inayopita inapungua kwa karibu asilimia 9, wakati huohuo injini inadai zaidi. Kompyuta isipojua hesabu hiyo, mchanganyiko unakauka, yaani petroli haitoshi kwa hewa iliyopo, juu kabisa kwenye mizunguko, mahali pabaya kuliko pote. Dawa ni injekta kubwa zilizoandikwa sawasawa kwenye kompyuta, au kubadilisha mfumo uwe na bomba la kurudi na kidhibiti kinachopandisha presha ya petroli sambamba na ya turbo.

Chini ya presha, mchanganyiko uwe kati ya 11.0 na 11.8, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli. Ukiona unapanda kuelekea 13, achia mafuta. Injekta zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Pima umeme kwenye pampu yenyewe injini ikinguruma: volti 11 zikifika pale wakati alteneta inatoa 14, waya ni mwembamba au umeoza, na pampu nzuri itaonekana mbovu. Tangi la Z33 lina mabonde mawili, hivyo kwenye kona kali likiwa na petroli kidogo pampu hukosa cha kunyonya. Busiika nenda na zaidi ya nusu tangi.

Kosa hili nimelifanya kwa mikono yangu. Rafiki aliniomba tuongeze kidogo, bari 0.15 tu, mbio zikiwa zinaanza. Geji ya petroli ilikuwa kwenye kisanduku cha vifaa, nikaona muda hautoshi kuifunga. Pistoni namba 5 ilipasuka kabla hajamaliza mzunguko wa pili. Tangu siku hiyo sibadilishi vitu viwili kwa siku moja, wala siongezi presha bila geji ile kuwa mbele ya macho yangu.

Joto

Mchana wa Kampala, nyuzi 28 nje, turbo ikisukuma bari 0.5 hutoa hewa yenye karibu nyuzi 90. Kazi ya intakula ni kuishusha. Ikipita nyuzi 60 ikiingia kwenye injini, kompyuta nzuri itachelewesha cheche za plagi na utahisi gari limekufa ganzi. Ngoja lipoe kabla ya kulaumu kitu.

Intakula mbele ya rejeta pia inazuia upepo. Kwenye foleni ya Jinja Road upepo ni wa feni peke yake, hivyo feni ziwe mbili na ziwe na mabati ya kuelekeza hewa ili isipite pembeni. Maji matupu bila presha huchemka Kampala kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta cha bari 1.1 kinapeleka kiwango hicho hadi karibu 120, na kilichochoka kinakuacha na 96. Wengi hubadilisha rejeta nzima wakati mbovu ilikuwa kifuniko. Ukishafungua mfumo, inua pua ya gari unapojaza maji, hewa itoke yote. Weka rejeta ndogo ya oili pia. Injini hii huchemsha oili hata bila turbo.

Klachi sitaizungumzia sana: mizunguko ikipanda na mwendo haupandi, imeshindwa na nguvu mpya. Badilisha.

Na kama ni turbo kweli

Ikiwa umefika hapa na bado kuna mlio kama king'ora unaopanda na mizunguko, chomoa bomba la hewa injini ikiwa baridi. Shika mhimili kwa vidole. Kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa beringi za kawaida. Kwenda mbele na nyuma si kawaida hata kidogo. Angalia ncha za mapanga kama zimegusa ukuta. Mapanga yaliyolika kama yamepigwa msasa ni kazi ya vumbi. Yaliyovunjika yamepigwa na kitu, na kitu hicho utakitafuta: nati, kipande cha klipu, au kauri ya plagi ikiwa ni upande wa moshi.

Kabla ya kufunga mpya, fungua intakula uioshe kwa petroli mara mbili, kwa sababu vipande vya chuma hujificha kwenye matundu yake na vitaingia kwenye injini wiki ijayo. Mwaga oili, badilisha filta, safisha bomba la kuingiza oili au weka jipya. Jaza oili ndani ya turbo kwa mkono na uizungushe kwa vidole. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata mpaka geji ya oili ipande, pumzika, piga tena. Kisha rudisha fyuzi, washa, na uiache injini ingurume dakika tano bila kugusa mafuta, huku mwenzako akiwa amelala chini na tochi anaangalia bomba la kurudishia oili.